Kisiwa cha Saanane kwa Mpenzi wa Ndege

Wengi wanaovuka kutoka Capri Point, jijini Mwanza, kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane ndani ya Ziwa Victoria hufuata swala, upepo wa ziwa na mawe ya kupigia picha. Mimi nimeipima safari hii kwa ndege peke yao, na kwa kigezo hicho kiingilio hakiniumi hata kidogo, ilimradi mgeni afike asubuhi ya siku ya kazi, kabla jua halijawa kali.

Hifadhi hii, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 2013, ina kilomita za mraba 2.18 tu pamoja na maji yake, na udogo huo ni neema, kwa kuwa ndege wengi wako ukingoni, kwenye miamba iliyopauka kwa vinyesi vya mnandi. Anayeanza kujifunza na aanze na hao mnandi. Wakishazamia samaki hutanua mbawa juani zikauke, na kwa kuwa hawana haraka ya kuondoka, darubini ya kawaida humwonyesha mtazamaji hata jicho jekundu la mnandi mdogo mwenye mkia mrefu. Mdiria mweusi na mweupe anahitaji macho mepesi zaidi: husimama hewani akipigapiga mbawa huku kichwa kimetulia tuli, kisha hujitupa majini, na akipata samaki mdogo, mdiria humla angali anaruka, bila kurudi tawini. Furukombe, yule tai mla samaki, ni wa kusikilizwa kwanza; dume na jike huitikiana, na sauti nyembamba zaidi ni ya dume.

Urafiki na ndege hawa haununuliwi kwa makombo ya mkate, ambayo ni vyema yakabaki mfukoni. Ukikaa chini bila kunyanyuka wala kunyoosha mkono, baada ya muda mdiria atarudi kwenye tawi lake kana kwamba haupo.

Boti binafsi za kukodi, zinazozunguka miamba ya ziwani, sizipendekezi kwa kazi hii. Nahodha wangu alielekea moja kwa moja kwenye mwamba injini ikinguruma, ndege wote wakatimka, naye akaniuliza iwapo nimepata picha. Anayekodi apatane naye mapema kwamba injini izimwe mbali.

Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, iliyo katika ziwa hilihili na yenye kilomita za mraba 456.8, ina ndege wengi zaidi, lakini inadai siku kadhaa na mfuko mzito. Saanane humalizika kabla ya chakula cha mchana. Naipa nyota nne kati ya tano.