Tahadhari: muuza vidude vya kurushia simu kwenye TV pale Mwanga, picha unaiona, sauti huipati

Ndugu zangu wa Ujiji, Gungu, Katonga na nyote mnaopanda Mwanga, hapa Kigoma, kununua vifaa vya simu, naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha. Kuna kijana ametandaza meza kwenye kibaraza cha duka la mtu, si mbali na soko, anauza vidude vya kurushia skrini ya simu kwenye televisheni. Kidude chake kinatoa picha na kinaitoa vizuri. Sauti hakitoi, naye anajua kwamba hakitoi, ndiyo maana ameandaa mazingaombwe ya kukufanya uisikie kwa masikio yako ukiwa pale mezani, kisha ufike nayo nyumbani imekwisha.

Mliokuwepo ile Jumamosi kwa mzee hamhitaji kusimuliwa, na nyie mnaoendelea kuniita Sinema Bubu mnaweza kuacha sasa. Kwa wengine, itoshe kusema kwamba ndoa ya mdogo wangu ilifungwa Dar es Salaam, wazee hawakuweza kusafiri, video nilitumiwa kwenye simu, na familia nzima iliahidiwa kwamba itaiona na kuisikia kwenye TV kubwa ya sebuleni.

Nieleze jinsi alivyofanya, kwa sababu ninyi nyote mngeamini. Nilimkuta amewasha TV ya inchi 32 iliyofungwa ukutani, kidude chenye ukubwa wa kiberiti cha gesi kimechomekwa nyuma yake kwenye tundu la HDMI. Akanipa shikamoo, akanipa kiti, akaniuliza nafundisha shule gani. Nilipomweleza shida yangu hakuanza kusifia bidhaa, alichukua simu yake mwenyewe, akagusa mara chache, na skrini yote ya simu ikahamia kwenye TV, mpaka saa na alama ndogondogo za juu zikawa zinasomeka. Kisha akafungua video ya taarabu. Ndugu zangu, muziki ulitoka! Ulitoka mzito, besi ikagusa vioo vya kabati la duka, na mama mmoja aliyekuwa akichagua kava la simu akaanza kutikisa mabega.

Hakuishia hapo. Alinikabidhi simu yake mkononi akaniambia, "Mwalimu, usiniamini mimi, ongeza mwenyewe." Nikabonyeza kitufe cha sauti, muziki ukapanda. Nikapunguza, ukashuka. Akaniambia niweke simu sikioni, nikaweka, nikakuta simu imenyamaza kimya kabisa. "Unaona, mwalimu? Sauti yote imeshahamia kule." Mtu mzima aliyefanyiwa hivyo, aliyeshika chombo kwa mkono wake na kukijaribu kwa sikio lake, atatilia shaka kitu gani? Bei nayo haikuwa ya kutupa hata nishtuke, alitaja shilingi 50,000 akapunguza hadi 45,000 aliposikia habari ya ndoa, akasema mashallah, hiyo 5,000 ni mchango wake kwa maharusi. Nyuma yake, ndani ya duka, kulikuwa na leseni ya biashara kwenye fremu. Baadaye nimeambiwa kwamba leseni ile ni ya mwenye duka, na kwamba yeye ni mpangaji wa kibaraza tu, lakini mteja anayesimama pale haelezwi hayo.

Akaniwekea programu kwenye simu yangu. Aliirusha kwa Bluetooth kutoka kwenye simu yake, akanibonyezea "ruhusu" kila ilipouliza, akaunganisha, na picha za ndoa zikatokea kwenye TV moja baada ya nyingine, bibi harusi akang'aa ukutani pale, watu wakapongeza. Nasema picha za mnato. Video hakuifungua. Nilipotaka kuifungua akaniambia tusimalize uhondo kabla wazee hawajauona, na mimi nikaona ni neno la adabu.

Nyumbani mnajua. Mikeka imetandikwa, chai imemiminwa, wazee wa pande zote mbili wamekaa, na kwenye TV shehe anaonekana akisoma hotuba ya ndoa huku midomo ikicheza na sauti haisikiki hata chembe. Nikaongeza sauti ya simu, nikaongeza ya TV hadi mwisho, bure. Bwana harusi akainamisha kichwa, akashikwa mkono, akatamka yale maneno ambayo ndiyo ndoa yenyewe, na hakuna aliyeyasikia. Mzee mmoja akauliza kama shehe wa Dar siku hizi husoma kimoyomoyo. Watoto wakacheka. Bibi, ambaye masikio yake mnayafahamu, akasema kwa utulivu, "Basi leo yamekwisha kabisa," akidhani ni yeye. Hilo ndilo lililonichoma kuliko pesa.

Nikampigia yule kijana. Akapokea upesi, mpole kama mwanzo, akasema sauti ni pakeji ya pembeni, kwamba ile ya dukani ilikuwa imeshafunguliwa na yangu bado haijafunguliwa, na kwamba nikituma 15,000 atanifungulia akiwa kulekule. Nikatuma. Chai ilikuwa inapoa na wakwe walikuwa wananitazama, sasa nani angeanza kubishana juu ya 15,000 katika hali hiyo? Lilipotokea jina la mpokeaji lilikuwa la mwanamke, akasema ni laini ya shemeji yake. Baada ya hapo akaniambia nizime simu na kuiwasha. Nikafanya. Kisha akasema TV yangu ndiyo mbovu, spika zake hazisomi HDMI. Kisha hakupokea tena.

TV mbovu! Kisimbuzi cha nyumba ile kinaingia kwenye tundu hilohilo la HDMI na taarifa ya habari tunaisikia kila siku hadi kwa jirani. Kijana wetu mmoja akainakili ile video kwenye flashi, akaichomeka kwenye TV, na hotuba ya ndoa ikasikika kuanzia bismillahi. Kwa hiyo video ilikuwa na sauti na TV ilikuwa na spika zake nzima. Bahati mbaya wakati huo wakwe walikuwa wameshaaga.

Nilipomrudia Mwanga hakuwa mpole tena. Alisema bidhaa ikitoka mezani hairudi, akauliza risiti iko wapi, ilhali risiti hakunipa na nilipoiomba siku ile alisema mashine iko kwa fundi. Watu walipoanza kukusanyika akapaza sauti kwamba mwalimu mzima hajui kutumia simu. Mbele ya wanafunzi wangu wawili. Nilitamani ardhi inimeze.

Fundi ninayemwamini wa Gungu ndiye aliyenifungua macho, na nitaeleza kama nilivyomwelewa. Waya wa HDMI hubeba picha na sauti kwa pamoja, kwa hiyo picha ikifika kwa njia hiyo na sauti isifike, mara nyingi kosa liko kwa kinachotuma. Zipo simu zenye mfumo unaoitwa Miracast, uliotoka mwaka 2012, na hizo hurusha picha na sauti zenyewe kupitia Wi-Fi, unafungua kwenye mipangilio tu bila kuweka programu ya mtu. Simu yangu haina. Ndiyo maana kijana alinibandika programu ya kunakili skrini, na hapo ndipo ulipo uovu wake, kwa sababu simu yangu ni ya Android 9, na programu za kawaida hazikuruhusiwa kuchukua sauti ya ndani ya simu mpaka ilipokuja Android 10 mwaka 2019. Hata kwenye hiyo 10 na zilizofuata, programu yenye video inaweza kukataa sauti yake isichukuliwe. Kabla ya hapo, programu kama ile ilibaki na maikrofoni tu, yaani kusikiliza chumba. Maana yake ni kwamba hakuna pakeji duniani ambayo ingefungua sauti kwenye simu yangu kwa njia ile, na 15,000 aliitoza kwa kitu ambacho hakipo.

Sasa ule muziki wa dukani ulitoka wapi? Ulitoka kwenye sabufa iliyokuwa chini ya meza, imefunikwa na maboksi, imeunganishwa na simu yake kwa Bluetooth. Ndiyo maana simu ilikuwa kimya sikioni, ndiyo maana nilipobonyeza kitufe sauti ilipanda na kushuka. TV ilikuwa bubu tangu asubuhi. Fundi alicheka sana niliposimulia habari ya besi, akasema TV nyembamba ya inchi 32 haiwezi kutikisa hata kikombe. Nimemrudia kijana mwingine wa jirani na meza ile, akakiri kwamba sabufa ipo na kwamba wote wanajua. Wote wanajua, na wanakaa kimya!

Mtu wa namna hii hastahili kuambiwa arudishe pesa halafu aachwe aendelee. Huku ni kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, na kesi za aina hiyo polisi wanazifahamu vizuri. Manispaa imwondoe kwenye kile kibaraza, na mwenye duka aliyeacha leseni yake itumike kama pambo la utapeli naye aulizwe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili hiyo, kwa hiyo malalamiko yangu nayaandika. TRA nao waje waulizie hiyo mashine ya risiti iliyo kwa fundi asiyejulikana. Ingekuwa amri yangu, angeletwa pale sebuleni kwa mzee, na ile sabufa yake kichwani, awaeleze wazee kwa mdomo wake kwa nini hawakumsikia shehe, na aanze kwa kumwomba radhi bibi. Vitu vyake vikamatwe vyote, na wala asiachiwe hata chaja.

Kwa mnaotaka kununua kidude cha aina hii, kwake au kwa mwingine: ombeni rimoti ya TV na mpunguze sauti kwa rimoti. Muziki usipopungua, hautoki kwenye TV. Mimi rimoti nilipoiulizia aliniambia betri zimekufa. Angalieni pia alama ya Bluetooth juu ya skrini, na simu inapokuwa imehamishiwa kwenye TV alama hiyo inaonekana kubwa ukutani. Jaribuni kwa simu zenu na kwa video. Programu inayorushwa kwa Bluetooth badala ya kupakuliwa Play Store msiikubali, ile yangu ilikuwa imejipa ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi, na fundi aliifuta kabla ya kitu kingine chochote, kisha nikabadilisha namba ya siri ya pesa zangu. Jina la mpokeaji likiwa si la muuzaji, msitume. Daini risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, kabla ya kuondoka.

Namba iliyopokea 15,000 nimeshaituma 15040, ile namba ya kuripoti matapeli wa simu. Jina lake na sura yake sivibandiki hapa, anayetaka kumjua aniulize pembeni. Nimeshapata watu watatu walionunua mezani pale na kukuta TV zimenyamaza, mmoja wao ametoka Kasulu. Tunakwenda kituoni pamoja Jumatatu saa mbili asubuhi, na mwenye kidude hicho aje nacho, aje pia na ujumbe wa muamala kama alitozwa pesa ya kufunguliwa sauti.