Mafuta ya cheni ya kupuliza: yape siku nzima
Kwa safari ndefu ya pikipiki milimani, mafuta ya kupuliza yenye nta ni mazuri kweli, ila yanadai subira. Ukiyapuliza dakika tano kabla ya kuondoka, mengi yataishia kwenye rimu na tairi. Siku ya mapumziko ndiyo yake. Zima injini, sugua cheni kwa mafuta ya taa na brashi laini (petroli huharibu oringi, yaani pete ndogo za mpira kwenye viungo vya cheni), ifute, iache ikauke. Kinga diski ya breki kwa kitambaa, kisha puliza upande wa ndani wa cheni huku ukizungusha gurudumu kwa mkono. Mizunguko miwili yatosha. Kesho yake utakuta utando mwembamba, mkavu, usionasa vumbi sana. Hudumu kama kilomita 500. Mvua ikikupiga, rudia mapema.