Kubadilisha gia za difu kwenye Land Cruiser 80: nguvu nimepata, ila gereji ile siisamehi

Naandika nikiwa bado na hasira, na naandika sasa hivi makusudi, maana zikishapoa nitaweka maneno ya adabu na mtu mwingine atapeleka gari yake pale pale.

Gari ni Land Cruiser 80, injini ya dizeli ya 1HZ, ile isiyo na turbo. Nilifunga tairi za inchi 35 kitambo tu, na anayeijua 1HZ anajua kilichofuata: gia ya tano haikamatiki, ukiingiza tu inazubaa unarudi ya nne. Ukitoka Mto wa Mbu unapanda ule ukuta wa bonde la ufa kwenda Karatu unashuka mpaka ya pili, magari ya watalii yanakupiga honi nyuma, klachi inanuka. Sababu haina uchawi. Tairi ikiwa kubwa inazunguka mara chache kwa kila kilomita, kwa hiyo injini inavuta mzigo ikiwa chini ya pale inapopatia nguvu. Kutoka tairi za mwanzo za kama inchi 31 kuja 35 tairi inakuwa kubwa kwa kama asilimia 13, na dawa yake siyo kufungua pampu ya dizeli moshi uwe mweusi kama wanavyoshauriana watu, dawa ni kubadilisha kraunwili na pinioni, ile gia kubwa na ndogo zinazoshikana ndani ya difu kupeleka nguvu kwenye tairi. Yangu ilikuja na 4.10, yaani pinioni inazunguka mara 4.10 kraunwili ikizunguka mara moja, nikachukua 4.88, mbele na nyuma, maana hii gari inavuta miguu yote minne muda wote, ukibadilisha difu moja ukaacha nyingine zinashindana, na transfa, ile gia inayogawa nguvu mbele na nyuma, ndiyo inayoumia.

Gia zililetwa kutoka Dubai, sina lawama nazo. Lawama ni gereji ya hapa Arusha, jina silitaji.

Na lazima niseme ukweli, walianza vizuri mno. Difu ya mbele alipewa kijana mmoja mkimya, nikasimama pale namwangalia. Yule kijana anajua kazi jamani. Alifunga dial geji, ile saa ya kupimia vitu vidogo, akapima ule mchezo kati ya meno ya pinioni na kraunwili, akatafuta kati ya milimita 0.15 na 0.20, ikagoma, akafungua, akabadilisha shim, vile visahani vyembamba vya kupangia nafasi, akafunga tena, hajalalamika. Kisha akapaka rangi ya njano kwenye meno, akazungusha huku ameikaza kwa kipande cha mbao, akaniita, "Mzee, njoo uone." Alama imekaa katikati ya jino, haijapanda juu haijazama chini. Difu ile mpaka leo haitoi hata mlio.

Sasa difu ya nyuma. Magari ya safari yakaingia, msimu huo, meneja akamhamisha kijana akampa kazi mtu mwingine ambaye sijamwona na dial geji mkononi hata mara moja. Nikauliza. Nikaambiwa huyo ni mzoefu, anasikia kwa mkono. Jioni hiyo hiyo nikapewa funguo. Ya mbele ilikula siku nzima, ya nyuma saa chache!

Nikaendesha kama inavyotakiwa gia mpya ziendeshwe, taratibu, nusu saa hivi halafu unapaki ipoe, halafu tena, hakuna mzigo, hakuna kuvuta trela. Kufika Makuyuni difu ya nyuma huwezi kuweka kiganja. Na inalia. Ukikanyaga mafuta kwenye spidi ya 70 au 80 inapiga mluzi unaoingia mpaka kwenye meno yako, ukiachia unanyamaza, ukikanyaga unarudi.

Nikarudi nayo. Na hapa ndipo roho inaponiuma hata leo. Meneja hakuinuka kwenye kiti. Alikuwa anakula, akaniambia huku anatafuna, "Brother, hizo ni kelele za tairi, umefunga tairi za matope unategemea nini?" Nikamweleza, tairi hailii kwa kufuata mguu wangu kwenye pedali, ingekuwa tairi ingelia hata nikiachia mafuta. Akamgeukia mteja mwingine akasema, tena kwa sauti, siku hizi kila mtu akiangalia video mbili anakuwa fundi. Kisha akaniambia nimeikimbiza kabla gia hazijazoeana. Mimi! Na bado nikamuaga vizuri wakati wa kuondoka kwa sababu nimelelewa hivyo.

Nikaenda kwa mzee mmoja Moshi, mtu wa difu tu, hagusi injini. Alipofungua nati ya kumwagia oili, ile sumaku yake ilikuwa imeota ndevu za chuma. Akaipangusa kwa kidole akanionyesha, unga mwembamba unaong'aa na ndani yake vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha. Akapaka rangi, alama imekaa juu kabisa kwenye ncha ya jino, maana yake pinioni imekaa mbali na kraunwili, hakuna aliyegusa shim. Halafu akatoa kile kibomba cha chuma kinachobonyea kati ya beringi mbili za pinioni, kile kinachotumika mara moja tu kikishabonyea kinatupwa. Walirudisha cha zamani! Ndiyo maana pinioni ilikuwa inacheza na sili imeanza kuvuja. Kifaa cha bei ndogo kuliko vyote kwenye kazi nzima, na kwenye risiti yangu wamekiandika kipya.

Mzee akaweka beringi mpya, kibomba kipya, akapanga upya. Kelele imepungua sana ila haijaisha, kwenye spidi ya 80 bado nausikia mluzi kwa mbali, anasema meno yameshajichonga vibaya kidogo na hayo hayarudi.

Kwa hiyo swali, je inafaa? Wiki ile nilikuwa namwambia kila mtu asiguse difu yake, bora ufunge tairi za 33 ubaki na amani. Nilimaanisha. Lakini juzi nimepanda tena kwenda Karatu na mzigo nyuma, gia ya tatu, inavuta yenyewe, klachi hainuki, barabara ya tambarare ya tano inakamata kama gari ilivyotoka kiwandani, hata kidogo zaidi. Spidi mita nayo imekaribia ukweli, mwanzo ilikuwa inasoma 100 kumbe niko 113. Sasa nifanyeje, niseme ni kazi mbaya? Siyo mbaya. Ni kazi nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuifanyia gari hii, na mwenye Land Cruiser ya mkonga au 80 mwenye tairi 35 aifanye, asimame pale mwenyewe, akikosa kuona dial geji na rangi kwenye meno aondoe gari yake hata kama imeshafunguliwa.

Ila wale siwasamehi. Gia zangu za zamani za 4.10 bado ziko kwao, wanasema hawajui ziliko, na hela ya beringi na kibomba nawadai. Kijana yule nasikia ameshaacha kazi pale. Anayejua aliko aniambie, difu ya mkonga wa kaka yangu inamsubiri yeye.