Uzoefu wangu: kushonesha gauni la kitenge kwa mwili wa saizi 22

Gauni ninalolizungumzia ni la moja kwa moja, halijakatwa kiunoni, mikono mifupi, urefu inchi 50. Limeshonwa na fundi wa Kariakoo ambaye jina lake naliacha, maana anayoyafanya yeye ndiyo yanayofanywa na wengi. Mshono wake ni safi na umenyooka. Shida iko kwenye kukata.

Tuanze na kitambaa. Ukienda Mtaa wa Uhuru utakatiwa yadi 3 na kuambiwa zinatosha gauni. Zinamtosha mwembamba. Kitenge kina upana wa inchi 45 hivi. Mwenye nyonga 36 anakunja mara moja, mbele na nyuma zinatoka pamoja. Nyonga zikiwa 50, kila upande unataka inchi 25, ongeza 2 za kupumulia na 2 za mishono, jumla 29. Pande mbili hazikai sambamba tena, lazima moja ifuate nyingine kwa urefu. Masalio ya inchi 16 yanatoa kola na mkanda, mikono haitoki bila kulaza maua. Nunua yadi 4. Fundi akipungukiwa hakwambii, anapunja akiba ya mishono ya ubavuni, na ukinenepa kidogo hakuna cha kufumua. Mwambie aache inchi 1 kila upande. Na kama ni pamba, kiloweke na kukipiga pasi kabla ya kukipeleka, maana kinaruka, yaani kinapungua kikilowa.

Mitindo iliyobandikwa ukutani kwa fundi, na ile ya kwenye simu, yote imevaliwa na wadada wembamba. Ndiyo maana fundi akinakili picha anaongeza upana na kuacha urefu uleule. Kifua kikubwa kinakula urefu: gauni linapanda mbele, pindo linaning'inia nyuma, na watu wanadhani umelivaa vibaya. Kwangu tofauti ni inchi 3. Fundi alipima kifua, kiuno, nyonga, bega na urefu, akafunga daftari. Nilimwomba alifungue. Apime kutoka begani kupitia ncha ya titi hadi kiunoni, kisha vivyo hivyo mgongoni. Nyonga azipime pia umekaa, kwa sababu ukikaa zinapanuka. Mkono aupime penye unene kuliko pote na kuongeza inchi 2, la sivyo utashindwa kushika bomba la daladala. Mkono ukiwa umeshabana, kikwapa, yaani kipande cha kuongezea kwapani, cha inchi 4 kwa 4 kinauokoa.

Alikubali kupiga bandi kwanza, yaani mshono wa muda wa kujaribia, kabla ya ovaloki, na hili ndilo lililonifanya nimpe alama nzuri. Mikunjo ya kifuani ilikuwa imelenga juu kuliko ncha ya titi badala ya kuielekea. Ilifumuliwa palepale na kushushwa, ikaishia inchi 1 na nusu kabla ya ncha. Ingekuwa imeshapigwa cherehani na kupunguzwa, basi tena.

Maua makubwa yanataka macho. Duara moja likitua juu ya kila titi, hakuna mkufu utakaolificha. Jifunike kitambaa mbele ya kioo, tia alama ya chaki pale ua linapotakiwa kukaa, ndipo akate.

Kuhusu zipu, ile ya kujificha inaweza kuachia kiunoni ukikaa. Nilitaka ya kawaida ya inchi 22 mgongoni, na bitana hadi chini ya nyonga ili kitenge kisipande mapajani.

Ushauri wake wa "dada, chukua rangi ya giza, nikushonee pana kama dera" niliukataa. Madera ninayo, ya nyumbani. Kitenge cha manjano kilichokaa vizuri mabegani na kuacha inchi 3 za nafasi kifuani kinapendeza kuliko cheusi kinachopwaya.

Ushonaji elfu 35, bitana elfu 8. Lilichelewa siku mbili, kama kawaida yao.