Fremu tano za Karamu ya Mwisho kutoka duka moja la Kibuye

Nafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza kwenye kigango chetu nje kidogo ya Kisumu. Kwa miaka mingi ukuta wa darasa ulikuwa na kalenda iliyopauka tu. Mwaka huu jumuiya zikachanga, nami nikapeleka flashi kwenye duka la kuchapisha picha na kutia fremu karibu na soko la Kibuye. Nilitaka Karamu ya Mwisho ya mchoraji Dieric Bouts, kazi ya mbao tano aliyoichora Leuven, Ubelgiji, kati ya 1464 na 1468.

Mama mwenye duka alinishauri nichapishe ubao wa katikati peke yake, gharama ipungue. Nilikataa. Katikati Yesu ameinua mkono kubariki mkate, na kikombe kiko mbele yake. Wachoraji wengi walipenda ile dakika ya kutajwa kwa msaliti. Bouts alishika Ekaristi yenyewe. Pembeni ndiko kuna mbao nne za Agano la Kale: Melkisedeki na Abramu, Pasaka ya Waisraeli, kuokota mana, na Eliya akiamshwa na malaika. Chama cha Sakramenti kilichoagiza kazi hiyo kiliandika kwenye mkataba kwamba wanateolojia wawili wamwelekeze mchoraji. Baadaye mbao za pembeni ziliuzwa zikaishia Ujerumani, hadi Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaamuru zirudishwe. Leo zote zimo katika Kanisa la Mtakatifu Petro, Leuven. Mimi nizitenganishe tena?

Chapa ya kwanza ilinihuzunisha. Kijana wa kompyuta alikuwa ameongeza weusi hadi nyuma kukawa giza tupu, na wale wahudumu wawili wanaochungulia kwenye kidirisha cha ukutani wakapotea kabisa.

"Mwalimu, hao hawana kazi pale," akaniambia.

Nikamjibu kwamba watoto wangu watawaona hao kabla hawajamwona Petro. Nikamweleza pia jinsi wachoraji wa nchi ile walivyofanya kazi: ubao wa mwaloni unapakwa chaki iliyochanganywa na gundi, kisha rangi za mafuta ya kitani, tabaka jembamba juu ya jingine. Mwanga unapenya tabaka hizo, unagonga weupe wa chaki na kurudi machoni. Ndiyo maana nyekundu yao inawaka kutoka ndani, na ndiyo maana weusi wa kompyuta unaiua.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Alichapisha upya bila kuniongezea hata shilingi, safari hii akaanza na vipande vitatu vya majaribio. Tukatoka navyo nje, tukavilinganisha juani, tukachagua cha kati. Kwa hilo peke yake nitarudi kwake.

Fremu ni za saipresi, na pembe zimeungana bila mwanya, isipokuwa ya Eliya iliyopinda kidogo upande wa chini. Kioo nilikikataa, maana dirisha letu linatazama magharibi na jioni tungeona mng'ao tu. Siku nne alizoniahidi zilifika tisa. Nililipa shilingi 9,500 kwa zote, nusu kwanza.

Jumamosi ya kwanza hatukuvuka ubao wa Pasaka kwa karibu saa nzima. Familia imezunguka mwanakondoo, wote wamesimama, fimbo mikononi. Msichana mmoja akauliza mbona hawaketi na chakula kiko tayari. Kabla sijafungua Kutoka 12, mvulana wa nyuma akajibu, "Wana safari." Nikawasogeza hadi kwa Eliya, ambaye malaika anamwambia ale kwa sababu njia ni ndefu, kisha kwenye meza ya katikati. Hapo sikuwa na mengi ya kuongeza.

Ukienda, nenda asubuhi jua likiwa zuri, ubebe picha yenye ukubwa wa kutosha, na udai vipande vya majaribio kabla ya kulipa.