Faiba ya nyumbani Mombasa, uzoefu wangu wa miezi minane

Niko Bamburi, flati ya ghorofa nne, na hii kampuni ya faiba, yaani intaneti ya waya, nimekaa nayo miezi minane sasa, jina siliweki. Kifurushi changu ni cha spidi ya Mbps 20 kwa shilingi 3,000 kwa mwezi. Kuunganishwa hakukuwa na shida, fundi alikuja siku ile ile niliyolipa, na wiki mbili za kwanza nilikuwa naisifia kwa kila mtu.

Shida ni jioni. Kuanzia saa moja hadi kama saa tano usiku nikipima spidi napata 2, saa zingine 3, YouTube inazunguka tu, alafu saa nane usiku napima tena napata 19 kwa rauta ile ile na waya ule ule. Kwa hivyo nikipiga simu nikaambiwa zima rauta uwashe roho inaniuma, rauta haina kosa, ni watu wengi tumewekwa kwenye laini isiyotosha na sote tunarudi nyumbani wakati mmoja. Mimi nahariri video za harusi, faili moja yafika GB 4, kwa Mbps 20 ingepanda kwa nusu saa hivi lakini kwa 2 ni zaidi ya masaa manne, na wenye harusi wanapiga simu wanaulizia. Imebidi niwe naamka usiku wa manane kutuma kazi.

Kilichonikera hasa ni hiki. Mtoto wa khaloo anakaa jengo la pili kutoka letu, ana kampuni hii hii na kifurushi hiki hiki, nikaenda kupima kwake saa tatu usiku nikapata 17! Tofauti ninayoiona ni moja, jengo lao lina waya za kampuni tatu na mtu akiudhika anahama kesho yake, kwetu mwenye nyumba amekubaliana na hawa peke yao, fundi wa kampuni nyengine akija anarudishwa getini. Nilimuuliza mzee kwa heshima, akasema hataki kuta zitobolewe ovyo. Namuelewa, nyumba ni yake, lakini bomba la waya liko tayari kwenye ngazi na nafasi imebaki tele.

Na sisi ndio Mombasa jamani, nyaya za baharini zinatua hapa hapa kwetu, TEAMS na SEACOM tangu 2009, EASSy mwaka uliofuata, intaneti ya bara yapita mlangoni mwetu alafu mimi nashindwa kutuma video moja.

Nawapa nyota mbili, zote za fundi. Ukitafuta nyumba, kabla hujatoa depoziti muulize keateka kampuni ngapi zinaruhusiwa kuingia, na umuombe jirani yeyote akupimie spidi saa tatu usiku, kipimo cha asubuhi usikikubali. Sisi wapangaji 11 tumemuandikia mwenye nyumba barua wiki iliyopita, twangoja jibu.