Kitabu cha vipuri cha Jeep, SNL G-503: anzia kwenye michoro, faharasa baadaye

Kazi inayokipima kitabu hiki ni moja: kipande cha chuma kimefunguliwa kwenye Jeep ya vita, Willys MB au Ford GPW, hakuna anayejua ni cha wapi, na muuzaji wa spea anadai namba. SNL G-503 ni orodha ya vipuri ya jeshi la Marekani kwa gari hilo, na tunaipendekeza inunuliwe kabla ya mwongozo wa matengenezo, TM 9-803. Tatizo ni kwamba iliandikwa kwa ajili ya karani wa stoo anayelijua jina la kitu. Majina yamepangwa kwa kuanza na nomino, yaani springi, kisha mbele, kisha kushoto. Asiye na jina akianza na faharasa atapoteza siku nzima.

Anza na mahali kilipofungwa. Kitabu kimegawanywa kwa makundi: 01 injini, 02 klachi, 03 mafuta, 06 umeme, 07 gia boksi, 08 transfa (boksi inayogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma), 10 ekseli ya mbele, 11 ekseli ya nyuma, 12 breki, 14 usukani, 16 springi. Fungua michoro ya kundi husika, linganisha matundu ya bolti, idadi ya meno na upande uliong'aa kwa kusuguana, kisha fuata namba ya mchoro hadi kwenye orodha. Huko utakuta namba ya Willys na ya Ford kwa kipuri kilekile. Hapa ndipo kitabu kinapolipa bei yake, kwa sababu gari nyingi zilizobaki zimechanganyika vipuri vya viwanda vyote viwili.

Namba ya Ford inasema mengi kabla hujafungua ukurasa. Baada ya herufi GPW, 2000 na kuendelea ni breki, 3000 ekseli ya mbele na usukani, 4000 ekseli ya nyuma, 6000 injini, 8000 upande wa rejeta, 9000 mafuta, 12000 mfumo wa moto wa plagi. Ukisoma GPW-9510 kwenye kipande kilichojaa kutu, tayari unajua unatafuta kabureta. Namba ya Willys haikupi msaada huo. Herufi F ya Ford iligongwa kwenye vipuri vingi mno, hata kwenye vichwa vya bolti, basi itafute kwanza kwa tochi iliyolazwa pembeni. Usipige brashi ya waya wala mchanga kabla ya kusoma. Weka karatasi juu ya alama, pitisha penseli kwa ubapa, namba itajitokeza.

Kosa linalorudiwa zaidi ni kuagiza kwa namba iliyotokea kwenye kalibu. Namba iliyoinuka juu ya chuma ni ya umbo lililomiminwa, na umbo moja huweza kuchongwa likawa vipuri viwili tofauti. Namba ya kipuri chenyewe mara nyingi hugongwa baadaye au huwa kwenye kibandiko cha bati, na kibandiko hicho ndicho hupotea kwanza.

Upungufu wake mkubwa ni vipimo. Bolti na nati zimeandikwa ukubwa na thredi zake za inchi, na hilo ni jema, lakini gia na shafti hazina kipimo. Kitabu pia hakijui kilichotengenezwa baada ya vita, na gari nyingi zimevishwa vipuri vya Jeep za baada ya vita, CJ-2A ya kiraia au M38 ya jeshi. Ongezea mwenyewe vipimo hivi pembeni ya ukurasa. Kraunwili ya vita, yaani gia kubwa ya difu, ina meno 39 na pinioni, gia ndogo inayoizungusha, ina 8, uwiano wa 4.88. Ukihesabu 43 kwa 8 hiyo ni 5.38, ya CJ-2A au M38. Ukifunga difu moja ya kila aina mbele na nyuma, ekseli zitavutana ukiingiza magurudumu manne kwenye ardhi kavu, na transfa itaumia. Shafti ya kati ya transfa ya vita ni nene inchi 3/4. Ikiwa 1 1/8 imetoka kwenye gari la baadaye. Injini ya vita ilitumia cheni ya taimingi, hivyo gia mbili zinazoshikana moja kwa moja hapo mbele ni dalili ya injini iliyokuja baadaye.

Kwa upande wa beringi kitabu ni hazina. Beringi za habu ni Timken 18590 na kombe lake 18520, namba ambazo duka lolote la beringi linazielewa bila kutaja neno Jeep.

Kipande kimoja kinachowachanganya wengi ni bamba la ziada chini ya springi ya mbele ya kushoto. Upande wa kulia halipo, basi watu huliona kama kiraka cha fundi fulani na kulitupa. Limo kwenye kundi la 16, na kazi yake ni kuizuia ekseli isijipinde breki zinapokanyagwa. Vilevile stadi za magurudumu ya kushoto zina thredi za kinyume. Anayedhani zimeshikwa na kutu huzikata.

Kazi za serikali ya Marekani hazina hakimiliki huko, hivyo nakala za kuchapisha upya ni nyingi na ubora wake haulingani. Kabla ya kulipa, omba picha ya mchoro wa transfa na wa ekseli ya mbele. Herufi za kuelekeza sehemu zikiwa madoa meusi, usinunue, hata kama ni rahisi.

Na kama michoro yote imepita bila kufanana na chuma chako, huenda hakikuwa cha Jeep tangu mwanzo. Jaribu orodha ya G-502 ya gari la jeshi la Dodge WC, kisha G-508 ya lori la GMC CCKW.